Waraka Namba 14 Kuhusu Ndevu za Fainali

Ligi ya Hoki ya Nyika inayo furaha kuutangazia umma kwamba utulivu kamili umepatikana katika viwanja vyake vyote sita vya barafu, kwa kuwa hakuna mtu ndani.

Tangazo hilo liliandikwa na Ambrose Hnatiuk, Kaimu Kamishna wa Ligi, siku ya mia moja na arobaini tangu wamiliki wa timu wawafungie wachezaji milango. Alilisoma mara tatu kwa sauti ofisini kwake Saskatoon, akabadilisha neno "amani" kuwa "utulivu kamili", akaridhika. Hasa ile "kwa kuwa" aliona imekaa mahali pake.

Hnatiuk alikuwa na miaka hamsini na minane, na kumi na moja kati ya hiyo alikuwa ameitumia kukaimu. Kamishna wa mwisho aliyekuwa kamili alipostaafu, Mzee Sterling Buchwald, mwenyekiti wa wamiliki, alimshika Hnatiuk bega akamwambia, "Shikilia kidogo, Ambrose. Ni kwa muda mfupi tu." Hnatiuk akashikilia. Alipewa kiti cha Kamishna, kalamu ya Kamishna na maegesho ya Kamishna, ila mhuri wa Kamishna ulibaki kwenye sefu ya Buchwald. Sababu yake haikuwa siri. Kamishna kamili anaweza kuwaambia wamiliki hapana. Kaimu hawezi, yeye anaweza kusema tu kwamba suala amelipokea na analifanyia kazi.

Na sasa Buchwald alikuwa ametamka neno ambalo Hnatiuk alilisubiri miaka kumi na moja. "Nimalizie hili la ndevu," alisema, "nikuthibitishe." Tangu hapo Hnatiuk alikuwa halali vizuri. Alikuwa ameshanunua fremu ya kuweka barua.

Hili la ndevu lilikuwa hivi. Katika nchi ile, timu ikiingia hatua ya mtoano, mchezaji hagusi wembe mpaka timu yake itolewe au ibebe kombe. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo na hakuna anayethubutu kuivunja. Hata kijana mwenye vinyweleo saba kidevuni huviacha vyote saba, na mama yake huvitazama kwa heshima. Mwaka ule fainali ilikuwa kati ya Kindi wa Saskatoon, timu ya Buchwald, na Korongo wa Regina, timu ya Bi. Winnifred Aspinall. Bingwa ni mwenye kushinda mechi nne kati ya saba. Zilipochezwa sita, kila upande ulikuwa na tatu, na watu wakawa hawali wakashiba kwa kuingoja ya saba.

Hapo ndipo Buchwald alipoiuzia kampuni moja ya nyembe haki ya ndevu zote za fainali. Zinyolewe katikati ya barafu, televisheni ikionyesha, kisha ziwekwe kwenye visanduku vya kioo. Waraka Namba 14 uliandikwa na Hnatiuk kwa mkono wake, Buchwald akiwa amesimama nyuma ya kiti.

"Usiandike 'mchezaji'," Buchwald alisema. "Hawa watu ni wajanja. Kesho watakuambia wao si wachezaji, ni wasanii. Andika 'mtu yeyote'."

Hnatiuk akaandika: nywele za usoni za mtu yeyote aliyecheza fainali ni mali ya klabu, na zitanyolewa hadharani ndani ya saa moja baada ya fainali kwisha. Yeye mwenyewe, kwa kuwa alilelewa vizuri, aliongeza maneno manne ya adabu: "kuanzia mwenye umri mkubwa".

Wachezaji waliusoma waraka, wakasema samahani sana, lakini ndevu ni zao. Kesho yake wakakuta makufuli mapya.

Neno "kufungia nje" halikutumika kwenye barua yoyote ya Ligi. Barua ilisema kwamba viwanja viko wazi kabisa kwa kila mtu ambaye sura yake inalingana na picha ya kitambulisho chake. Picha zilipigwa mwezi Septemba, wachezaji wakiwa wamenyoa. Sura za sasa zilikuwa na ndevu, kwa hiyo hazikulingana, kwa hiyo walinzi hawakuwafahamu. Buchwald alitoa amri hiyo kwa walinzi akiwakodolea macho mmoja mmoja: sura isiyolingana haipiti, hata akiwa nani.

Na kwa kuwa fainali haijaisha, hakuna aliyenyoa. Ukapita Mei, ukapita Juni na mbu wake, ukapita Agosti na moshi wa misitu. Ndevu zikashuka mpaka kifuani. Mji nao ukaingia mkumbo. Mtu wa posta akaacha kunyoa, meya akaacha, padri akaacha, na vinyozi wenyewe wakaacha. Mkoa mzima haukununua wembe hata mmoja, na kampuni ya nyembe ikaanza kupiga simu kwa sauti ambayo Hnatiuk aliiandika kwenye daftari kama "yenye shauku".

*

Kikao cha kumi na tisa cha maridhiano kilifanyika chumba cha chini cha kanisa, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na mashine ya kahawa. Upande wa wachezaji alikuja Clovis Arsenault, golikipa na nahodha wa Kindi, ambaye pia ni mwenyekiti wa chama cha wachezaji. Alikuwa jitu la watu, meno ya mbele hana hata moja, na ndevu nyekundu alizizungushia utepe ili zisiingie kwenye kahawa. Hnatiuk alikuja na rula.

"Hoja yenu tumeitafakari," alisema Hnatiuk. "Kwamba ndevu zilizoota baada ya makufuli si za klabu, maana zimeota nje ya saa za kazi. Kamati Ndogo ya Urefu imeikubali."

Clovis aliacha kutafuna donati. "Imekubali? Wewe Kaimu, usinitanie."

"Kwa shingo upande, lakini imekubali. Klabu inadai zile za mwezi Aprili tu. Sentimita mbili na nusu kwa kila kidevu."

"Basi imeisha hiyo! Chukua, kaka. Kata."

"Lipo tatizo dogo la kiufundi." Hnatiuk aliinama na rula yake. "Nywele huota kutokea kwenye ngozi. Zile za Aprili hazipo tena hapo juu. Zimeshashuka. Ziko huku mwisho, karibu na kifungo cha tatu cha shati."

Clovis alijitazama kifuani muda mrefu. "Kwa hiyo shina ni langu, ncha ni ya Buchwald."

"Kwa lugha ya mtaani, ndiyo."

"Na nikiichovya kwenye supu?"

"Utakuwa umechovya mali ya klabu."

"Mbona nimeshaichovya mara nyingi tu. Samahani, Kaimu."

"Samahani imepokelewa."

Wakanywa kahawa. Ungedhani mambo yameiva, na Hnatiuk mwenyewe alikuwa ameshaiona barua kwenye fremu. Lakini alipompigia Buchwald simu, Buchwald alifoka mpaka Clovis akasikia akiwa upande wa pili wa meza. Kampuni haitaki ncha! Nani ataweka ncha kwenye kioo? Kampuni inataka ndevu nzima, na inazitaka Jumapili hii, la sivyo mkataba umekufa.

"Basi futeni tu huo waraka," Clovis alisema taratibu. "Utufungulie tucheze. Watu wanataka mechi ya saba, Kaimu. Sisi wenyewe tunawashwa."

"Siwezi, kwa sababu mbili," Hnatiuk alisema, na alifurahi kidogo, maana kanuni alizijua kwa moyo. "Kwanza, waraka hufutwa na Kamishna kamili, na mimi nakaimu. Pili, Kanuni ya Tatu: hakuna waraka utakaofutwa kabla haujatekelezwa walau mara moja. Aliiweka Mzee Buchwald mwenyewe, ili watu wasiwe wanafuta mambo ovyo."

"Maana yake lazima anyolewe mtu kwanza ndipo tuseme kunyoa ni kosa?"

"Mmoja tu anatosha."

Clovis alikuna ndevu zake, sehemu iliyo yake. "Nyinyi watu," alisema, "mnaumwa."

Akarudi mtaani kwao. Hnatiuk alimkuta tena dakika ishirini baadaye, alipokuwa akiendesha kwenda kwa mama yake: Kindi wote na nusu ya Korongo walikuwa katikati ya barabara na magongo yao, wanacheza na mpira wa tenisi pamoja na watoto wa mtaa. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Gari!" Wanaume thelathini wenye ndevu za manabii wakainua magoli, wakasogea pembeni, wakampungia mkono apite, kisha wakarudisha magoli palepale. Clovis alimwonyesha hata shimo la kukwepa. Hnatiuk alipita akitazama mbele, masikio yakiwa yamemwiva.

*

Mama yake, Olha, alikuwa na miaka themanini na sita na kiti chake uwanjani, safu ya tatu, namba saba, tangu mwaka 1969. Alikuwa amepika perogi, vifuko vya unga vilivyojazwa viazi na jibini, sinia zima, na vitunguu vinanukia mpaka nje ya mlango. Hnatiuk alikaa mezani. Mama akamwekea sahani tupu.

"Mama?"

"Hizi ni za watu waliofanya kazi leo."

"Nimetoka kwenye kikao cha kumi na tisa, Mama."

"Ndiyo nasema." Alikaa mbele yake, akala moja polepole, siagi ikimtiririka kwenye vidole. "Mimi mwanangu nimezika mume, nimezika dada wawili, na timu yangu imefika mechi ya saba mara moja tu tangu nizaliwe. Unataka nife nikiwa tatu kwa tatu?"

"Buchwald amesema nikimaliza hili atanithibitisha."

"Alisema hivyo na mwaka ule wa mafuriko."

"Safari hii ametaja siku. Jumatatu."

Mama alimtazama kwa huruma, ile huruma ambayo Hnatiuk aliichukia kuliko matusi. "Haya kula, Kaimu wangu," akamsogezea perogi mbili. Hata yeye alikuwa amezoea kumwita hivyo, na safari hii ilimuuma.

*

Mpango wa Jumapili ulikuwa wa Buchwald mwenyewe, na inabidi tukiri kwamba ulikuwa na akili.

"Ndevu zinaiva fainali ikiisha," aliwaambia wamiliki wenzake watano, akizipapasa za kwake. Zilikuwa nyeupe, ndefu, za miaka arobaini, na zilijulikana mpaka nje ya nchi, kwa kuwa Buchwald alikuwa muuza dengu na sura yake ilichapwa kwenye kila gunia. "Wachezaji hawataki kuimaliza. Haya. Katiba ya Ligi inasema mechi huchezwa na klabu. Klabu ni nani? Klabu ni sisi. Tunaingia watatu kwa watatu, goli la kwanza linamaliza kazi, fainali imekwisha. Saa hiyohiyo ndevu zao zote ni mali yetu, na polisi watatusaidia kuzikusanya."

"Mimi mgongo wangu," alisema mmoja.

"Dakika mbili tu! Ambrose atachezesha."

"Kuna suala la—" Hnatiuk alianza, kwa kuwa kitu fulani kilikuwa kimemgusa akilini, kitu kuhusu maneno ya waraka.

"Ambrose," Buchwald alisema kwa upole, "Jumatatu iko karibu."

"Nimelipokea, Mzee," alisema Hnatiuk, "na ninalifanyia kazi."

Suala la barafu lilikuwa rahisi kuliko walivyodhani. Walimkuta Pearl Okemaw, fundi wa barafu, juu ya mashine yake ya kulainishia, anazunguka uwanja mtupu saa nne asubuhi kama ilivyo kawaida. Ilionekana kwamba siku ile ya makufuli, barua ya kusimamishwa ilipelekwa kwa wachezaji, makocha, wauza soseji na mpiga kinanda, lakini Pearl alisahauliwa. Hakuna aliyemwambia aache, kwa hiyo hakuacha. Alikuwa ametengeneza barafu safi kila siku kwa siku mia moja na arobaini na tano.

"Unaingiaje humu?" Hnatiuk alimuuliza. "Walinzi wana amri."

"Mlango wa nyuma, ule wa kumwagia theluji ya mashine," Pearl alisema. "Ule hauna mlinzi, Kaimu. Hauna hata waraka."

Jumapili mchana wamiliki waliingia kwenye barafu wakiwa wamevaa jezi zinazowabana. Waliamini watakuwa peke yao na kamera za televisheni. Wakakuta majukwaa yamejaa. Watu elfu nane walikuwa wamepita mlango wa nyuma, mmoja mmoja, wakipangusa viatu, na Pearl amesimama pale anawahesabu. Kindi na Korongo walikaa pamoja nyuma ya goli, ndevu zote zimechanwa. Olha alikuwa safu ya tatu, kiti cha saba, na sinia la perogi magotini.

"Nani amewaruhusu hawa?" Buchwald alifoka.

"Niliambiwa wachezaji wasikanyage barafu," Pearl alijibu. "Kwenye viti sikuambiwa. Samahani."

Televisheni ilikuwa imeshaanza kuonyesha. Hnatiuk akapuliza filimbi.

Mtu hawezi kusema ulikuwa mchezo mzuri. Wote sita walikuwa wameteleza utotoni, kama kila mtu wa huko, na miguu yao ilikumbuka jinsi ya kuanza ila ilikuwa imesahau jinsi ya kusimama. Mmiliki mmoja alipita mbele ya goli, akapita mbele ya majukwaa, akapita mbele ya goli la pili, akiomba radhi kwa kila aliyempita. Bi. Aspinall peke yake, miaka sabini na mmoja, alikuwa anajua. Akakipokea kile kisahani cheusi kinachotumika badala ya mpira, akamlamba chenga yule aliyelalamikia mgongo, akapiga shuti.

Kisahani kiliruka, kikamfikia Mzee Buchwald kifuani, kikazama ndani ya ndevu.

Buchwald alijipapasa. "Kiko wapi?" aliuliza. Akageuka kukitafuta, mguu mmoja ukaenda Regina na mwingine ukabaki Saskatoon, na mzee mzima akaanguka chali, akateleza taratibu, kwa heshima zote, miguu ikitangulia, mpaka ndani ya goli lake mwenyewe.

Hnatiuk alifika, akapiga magoti, akazifunua ndevu za mwajiri wake kwa vidole viwili. Kisahani kilikuwa humo, sentimita thelathini nyuma ya mstari. Alipima.

"Goli," alisema.

Watu elfu nane waliruka juu. Korongo wa Regina walikuwa mabingwa, fainali ilikuwa imekwisha, na Buchwald, akiwa bado amelala golini, alicheka kwa sauti. "Imekwisha!" alisema. "Mmesikia? Imekwisha! Leteni mashine za kunyolea!"

Kwanza walipanga mstari wakapeana mikono, kwa kuwa katika nchi ile hakuna anayetoka kwenye barafu ya fainali bila kupeana mikono. Kisha kinyozi aliyeletwa na kampuni akaweka kiti katikati ya uwanja. Clovis Arsenault aliinuka akashuka mpaka ukingoni, wenzake arobaini wakamfuata, wakajipanga foleni kimyakimya. Hakuna aliyebishana hata kidogo. Hilo lilimtia Buchwald wasiwasi kwa mara ya kwanza.

"Tuko tayari, Kaimu," Clovis alisema. "Tusomee tu waraka, ili utaratibu ufuatwe."

Hnatiuk aliutoa mfukoni. Alifika kwenye "mtu yeyote aliyecheza fainali", akasita. Kile kitu kilichokuwa kikimsumbua akilini tangu kikao cha wamiliki kilikuja chote kwa pamoja. Aliinua macho akamtazama Buchwald, akatazama jezi, akatazama ndevu. Kisha akamalizia kusoma, maana hakuwahi maishani mwake kuacha waraka katikati: "... kuanzia mwenye umri mkubwa."

"Mzee, tangulia," Clovis alisema, na akampangusia kiti. "Sisi bado vijana, tutangoja."

Buchwald alikuwa na miaka sabini na tisa. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa akazishika ndevu kwa mikono miwili. "Hizi ni za kwenye magunia!"

"Ni mali ya klabu, Mzee," Hnatiuk alisema.

"Klabu ni mimi!"

"Basi zinabaki kwako. Kwenye kisanduku."

"Ufute! Ufute huo waraka sasa hivi!"

"Mimi nakaimu, Mzee. Kufuta ni kazi ya Kamishna kamili."

Buchwald alitazama kamera, akatazama kinyozi anayejaribu mashine, ikalia kama nyigu. Akaomba kalamu. Barua ya kumthibitisha Ambrose Hnatiuk kuwa Kamishna iliandikwa nyuma ya karatasi iliyofunika sinia la perogi, ikiwa na doa la siagi pembeni, ikasainiwa na wamiliki wote sita. Ufunguo wa sefu ukatupwa juu yake. Pearl alipanda kwa miguu mpaka ofisi ya Buchwald, ghorofa ya juu ya uwanja, akarudi na mhuri, na hakuharakisha.

Hnatiuk alishika barua. Miaka kumi na moja. Alitafuta safu ya tatu. Mama yake alikuwa amesimama, sinia limeanguka, anajifuta macho kwa leso.

"Haya, Kamishna," Buchwald alisema kwa haraka. "Umekuwa. Futa."

"Nafuta, Mzee," Kamishna Hnatiuk alisema, akagonga mhuri. "Nimefuta Waraka Namba 14 kwa ukamilifu wake. Kwa mujibu wa Kanuni ya Tatu, ufutaji utaanza kutumika baada ya waraka kutekelezwa walau mara moja."

"Ambrose..."

"Hapana," alisema Hnatiuk. Lilikuwa neno fupi tu, na alishangaa jinsi lilivyokuwa jepesi. "Kaa, Mzee. Mmoja tu anatosha."

Kazi ilichukua dakika nne. Chini ya ndevu palikuwa na kidevu kidogo cha mviringo, chenye kishimo katikati, cheupe kama unga. Mji mzima ulikuwa haujawahi kukiona. "Loo," alisema mtu mmoja juu kabisa, "kumbe anacho."

*

Hakuna aliyetaka msimu uishe kwa goli la ndevu, hata Bi. Aspinall aliyeshinda. Kwa hiyo agizo la kwanza la Kamishna lilikuwa kuunda mechi ya nane, isiyopata kuwepo duniani, ichezwe na wenye kazi yao. Na kwa kuwa ndevu zilirudi kuwa za wenyewe, kampuni ya nyembe ikajiondoa kwa tamko la shauku.

Siku ya mechi, saa nane mchana, Mzee Buchwald alifika mlango mkubwa wa uwanja wake na kitambulisho chake cha umiliki. Mlinzi alikitazama, akamtazama, akakitazama tena. Kwenye picha palikuwa na ndevu.

"Hulingani, mzee wangu."

"Mimi ni Sterling Buchwald! Uwanja ni wangu! Wewe nimekuajiri mimi!"

"Yule bwana wa kwenye picha ndiye aliyetoa amri," mlinzi alisema kwa huzuni. "Alisema hata akiwa nani. Samahani sana."

Buchwald alizunguka nyuma. Pale palikuwa na watu wanapita na Pearl mlangoni, na kando yake meza ndogo ambapo Clovis, akiwa ameshavaa mapedi ya golikipa, alikuwa anamalizia karatasi za chama kabla hajaingia. Kamishna Hnatiuk alikuwa pale pia, anakula perogi.

"Ambrose," Buchwald alisema. Alikuwa ameshika kidevu kwa ajili ya baridi. "Waambie wanifungulie. Nimefungiwa nje ya kazi yangu mwenyewe. Huu ni uonevu!"

"Nimelipokea, Mzee," Hnatiuk alisema, "na ninalifanyia kazi."

Ndani ililia filimbi ya kuwaita wachezaji, na elfu nane wakaitikia. Buchwald aliruka juu kidogo ili aone. Hakuona kitu.

"Na huu mlango?"

"Huu ni wa wanachama na wageni wao," Pearl alisema.

Mzee akasogea mezani, akainama karibu na sikio la Clovis. "Hicho chama chenu," alinong'ona, "fomu zake zinapatikana wapi?"

Clovis alimtazama, na lile tabasamu lisilo na meno likafunguka polepole. Akafungua droo, akatoa fomu, akampa na kalamu. "Karibu sana, Mzee. Jaza hapo na hapo. Utaanza kama mwanachama kaimu."

"Kaimu? Kwa muda gani?"

Clovis alimgeukia Kamishna. Hnatiuk alimeza perogi yake, akapangusa vidole, akamshika Buchwald bega.

"Shikilia kidogo," alisema. "Ni kwa muda mfupi tu."